Bendera Kwenye Mpini wa Ufagio

Jumatatu, 24 Septemba 2007

Uji. Basi la shule. Mjukuu wangu Upendo kasahau tena mfuko wake wa chakula, nikamkimbilia na khanga yangu mpaka kwenye kona. Watoto wa kwenye basi wakanichungulia. Wachungulie.

Mama yake, Neema, karudi kutoka zamu ya usiku, kavua viatu mlangoni, kalala bila kula. Uuguzi ni uuguzi, hata Marekani.

Wiki ya tatu niko hapa Apple Valley na bado sijaripoti kokote. Nimemwambia mwanangu tangu siku ya kwanza: mgeni hupelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, akajulikana, basi. Likitokea la kutokea, balozi anajua kuna bibi mmoja katoka Singida, kafikia nyumba fulani. Neema anacheka tu. Anasema huku hakuna balozi. Mimi ni sajenti mstaafu wa polisi, siwezi kukaa mahali kama mtuhumiwa aliyejificha kwa shangazi yake.

Na balozi yupo. Nimemwona kwa macho yangu. Nyumba za huku zimepangana mstari mmoja, zote rangi ya maziwa yaliyoungua, huwezi kujua ipi ni ipi. Lakini ya tatu kutoka kwetu ina bendera mlangoni. Kwetu nyumba yenye bendera ni ya balozi, au ni ofisi. Mtu hajitundikii tu.

Basi leo Neema akiwa usingizini nimekwenda. Gauni la kanisani, pasipoti, kilo moja ya sukari. Kafungua mzee wa Kizungu, mrefu, kavaa kaptula na baridi yote hii. Anaitwa Walter. Kiingereza changu ni cha kuandikia maelezo ya washtakiwa, lakini kimetosha. Nimempa pasipoti. Kasoma jina langu kwa sauti, kaliharibu lote, kanirudishia. Sukari kaipokea kwa mikono miwili.

Nimerudi mwepesi. Nimesharipoti.

Jumatano, 26 Septemba

Aibu yangu hii.

Mzee Walter kaja jioni na kikapu cha matufaa, kumuuliza Neema ile sukari ilikuwa ya nini. Neema kacheka mpaka kakaa chini kwenye ngazi. Kumbe Walter ni mstaafu wa posta. Hana cheo cha serikali wala muhuri. Yeye hakucheka. Alisema hajawahi kuletewa sukari na mtu yeyote tangu ahamie hapa, na kwamba akipata muhuri atanijulisha.

Nikamuuliza, Upendo akinitafsiria, kama si balozi, bendera ya nini? Akasema huku mtu hutundika kwake akitaka. Nikauliza, bendera yoyote? Akafungua mikono. "It's a free country, ma'am."

Neema anasema huyo si balozi. Sawa. Lakini mtu mwenye bendera mlangoni akisema ruksa, kwangu mimi hiyo ni ruksa.

Jumamosi, 29 Septemba

Nimeipata kabatini, kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa vibaya. Neema ni katibu wa jumuiya ya Watanzania wa huku, basi bendera yao hukaa kwake ikisubiri sherehe ya Uhuru. Mwaka mzima kwenye giza pamoja na viatu vya theluji! Nimeipiga pasi. Nimeifunga kwenye mpini wa ufagio. Pembeni ya mlango kuna kishikio cha chuma kilichoachwa na mwenye nyumba wa zamani, mpini umeingia sawasawa. Upendo alinishikia ngazi.

Kwetu ningejikamata mwenyewe. Raia kutundika bendera ya taifa nyumbani kwake bila kibali, loo. Mwenye baa mmoja pale Singida nilimshusha yake kwa mkono wangu.

Kijani, dhahabu, nyeusi, buluu. Upepo ukaishika. Nikaingia ndani kujifanya naangalia maharage. Nimelia. Sikutegemea. Miaka yote kituoni niliipandisha na kuishusha bila hata kuitazama vizuri, akili yangu iko kwenye chai.

Neema karudi saa tano asubuhi. Nilidhani atanigombeza. Alikaa ndani ya gari, injini imezimwa, anaitazama. Muda mrefu. Aliposhuka alisema, "Imenyooka vizuri, Mama," akaenda kulala.

Alhamisi, 4 Oktoba

Utaratibu umekaa. Asubuhi napandisha, uji, basi. Saa kumi na mbili jioni nashusha. Filimbi Upendo alikuwa nayo kwenye vitu vyake vya michezo.

Nimemfundisha mtoto jinsi inavyokuwa. Filimbi ikilia kituoni, mji unasimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mwenye debe la maji kichwani anasimama nalo, shingo imekaza. Mlevi naye anasimama, japo kwa msaada wa ukuta. Mpaka bendera ifike chini na filimbi ilie tena, hakuna anayenyanyua mguu. Upendo anasema, "Even the dogs, Bibi?" Mbwa ndio walikuwa wakaidi.

Sasa naye anasimama kwenye majani, mikono ubavuni, kidevu juu. Ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, akijibu ni Kiingereza. Lakini kusimama anasimama Kitanzania.

Jana mama mmoja alikuwa akipita na mbwa wake. Nilipopuliza filimbi alisimama, akadhani namwita mbwa. Nikampa saluti. Walter kwenye baraza lake husimama kila jioni, kikombe mkononi, mpaka nimalize.

Jua la huku halina nidhamu. Saa kumi na mbili bado liko juu ya paa. Na Neema anasema mwezi ujao litazama watu wakiwa bado kazini. Kwetu unaweza kupangia saa kwa jua.

Nimekumbuka Singida jioni. Harufu ya alizeti ikikamuliwa. Sauti ya watu wanaoulizana habari za kutwa. Huku nina maji ya moto, nina nyama kila siku, na sina mtu wa kumpigia hodi.

Jumanne, 9 Oktoba

Barua imekuja. Inatoka kwa Chama cha Wenye Nyumba, hao wanaokata majani na kuamua rangi ya milango. Bendera iliyopo nje ya nyumba hii haimo katika zilizoruhusiwa. Iondolewe. Asiyeridhika aje ajieleze mbele ya kamati.

Neema kaisoma akiwa amesimama jikoni, na koti la kazi mwilini. Nikasema barua tu hii, nimeona hati za mashtaka mimi. Akasema, "Mama, iteremshe leo. Please. Sitaki complaint yoyote na jina langu."

Nikauliza kwa nini. Kavua koti. Nikauliza tena, kwa ile sauti yangu ya kituoni.

Mwezi ujao anaapa. Uraia wa Marekani. Usaili alishafanya kabla mimi sijafika, na anaogopa kitu chochote kisije kikamharibia, hata kelele za bendera.

Nilikaa. Najua sheria yetu. Hakuna uraia wa nchi mbili. Akiapa huku, kule amefutika. Mwanangu wa kwanza, niliyemzaa hospitali ya mkoa mvua ikinyesha, kesho na kesho kutwa ni mgeni kwao. Siku nikifa ataomba viza kuja kunizika. Nimemwambia hivyo hivyo. Kisha nikamwambia mkataa kwao mtumwa.

Kaweka barua mezani kapanda ngazi. Sikumsikia akilia. Ingekuwa afadhali.

Jumatano, 10 Oktoba

Hatujasemezana. Shikamoo kaniamkia, marahaba nimeitikia. Basi.

Bendera nimeipandisha.

Jumamosi, 13 Oktoba

Njeri kanipitia na gari. Ni Mkenya, wanafanya kazi wodi moja na Neema. Ana mdomo, ana moyo. Katumwa, najua, lakini nilijifanya sijui.

Tumekwenda Saint Paul, Frogtown, kwenye maduka ya University Avenue. Akina mama wa Kihmong, watu waliotoka Asia, wanauza mboga zao kwenye masanduku. Nikaona matembele. Matembele kabisa! Nikayashika kama mtu aliyekutana na ndugu yake kituo cha basi. Mama muuzaji kaniangalia, katabasamu, kaniongezea fungu. Hatukuwa na lugha hata moja kati yetu. Nikajiuliza naye huko kwao aliacha nini.

Kwenye gari Njeri alianza. "Mum, usimwekee stress. Hiyo ni makaratasi tu. Mimi nili-swear kitambo, siku hiyo hiyo nikarudi job, jioni nikapika ugali. Ugali haikujua kitu."

Nikamuuliza, na mama yako alisemaje? Kawasha taa ya kukata kona. Kakata kona. Baadaye ndiyo kajibu, kasema mama yake mpaka leo hajamuuliza na yeye hajamwambia.

Nimepika matembele kwa karanga. Neema kala sahani mbili. Kalamba na kijiko.

Jumatatu, 22 Oktoba

Kamati imetuita Alhamisi. Neema alitaka kuandika tu kwamba tumekubali, yaishe. Nimekataa. Nimeshtakiwa mimi, nitasimama mimi. Ukaidi huu naujua, ulinipandisha vyeo na ulininyima vingine.

Ukweli niuandike, hapa hakuna anayesoma. Bendera ile si kwa ajili ya Tanzania. Tanzania ipo, haihitaji mpini wa ufagio. Ninaitundika ili Neema aione akitoka kazini. Ili afike akumbuke. Naona kila asubuhi anapunguza mwendo kabla ya kuingia gereji. Nikiishusha naogopa ataingia moja kwa moja.

Alhamisi, 25 Oktoba

Kikao kilikuwa kwenye chumba karibu na bwawa la kuogelea, limeshafunikwa kwa turubai. Wajumbe watatu. Mwenyekiti ni mama anaitwa Diane, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Kijana mmoja na kompyuta. Na wa tatu, Mzee Walter.

Neema kakaa kushoto kwangu na sare ya kazi, mikono mapajani. Nilivaa gauni la kanisani, viatu vimeng'ara. Nikasimama bila kuambiwa. Nikasema mimi ni polisi, sikuja kuvunja sheria ya watu, nimekuja isomwe niisikie.

Diane kaisoma. Bendera ya Marekani ruksa, na juu ya hapo kuna sheria ya taifa zima kwamba chama kama hiki hakiwezi kumkataza mtu. Bendera nyingine, hapana: za timu za mpira, za sikukuu, za vyuo, za nchi nyingine.

Za timu za mpira. Tanzania iko fungu moja na timu za mpira.

Hapo ndipo nilipoumia. Kukatazwa nimezoea. Diane aliona, akasema kwa upole kwamba ndani ya dirisha inakubalika. Nikamshukuru. Nikamwambia bendera haigeuzwi pazia.

Wakapiga kura. Mikono mitatu. Wa Walter ulikwenda juu taratibu na alinitazama usoni alipouinua. Alisema kanuni ni kanuni, na kwamba kosa ni lake, aliponijibu siku ile alikuwa anafikiria bendera moja tu duniani.

Sikumchukia. Ningekuwa kwenye kiti chake ningeinua mkono. Lakini nimerudi nyumbani na kitu kizito kifuani na hata chai haijakiteremsha.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nimeipandisha asubuhi kwa mara ya mwisho. Chama kilisema iondolewe mwisho wa siku, basi ikae siku yake.

Jioni Upendo na filimbi. Walter kaja na kusimama chini, kofia mkononi, baridi inampiga kichwani. Nilipoanza kuchomoa mpini mlango ukafunguliwa nyuma yangu. Neema. Kaamka mapema, nywele timutimu, soksi tupu juu ya saruji. Kashika pembe ya pili bila kuambiwa. Tukaikunja wawili. Anajua kukunja. Alijifunza akiwa mdogo, akinisubiri kituoni nitoke zamu nimpeleke nyumbani. Nilikuwa nimesahau.

Karudisha kabatini. Mpini nao umerudi kwenye ufagio.

Jumapili, 4 Novemba

Leo wamerudisha saa nyuma. Serikali imeamuru na saa zote zimetii. Nchi yenye uwezo wa kuiamrisha saa inaogopa kitambaa changu.

Jioni kukawa giza mapema, kama kufumba jicho. Upendo kaenda kulala. Neema hana zamu. Tumekaa jikoni na ugali umebaki nusu.

Kaanza mwenyewe. Kasema, Mama, unajua mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi tu, hawezi kumwombea mzazi wake makazi? Raia ndiye anayeweza.

Sikuelewa mara moja. Kaeleza tena, polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa. Ameomba uraia kwa ajili yangu. Ili niletwe nikae. Alisema baba yake alipofariki yeye alikuwa mwanafunzi huku, karatasi zake hazikuwa sawa, angetoka asingerudi. Alimzika kwenye simu. Mchungaji aliiweka simu karibu na kaburi na yeye alisikia mchanga. Kasema hataki tena simu ya namna hiyo. Kasema anaishi huku amezungukwa na watu kutwa kucha na hana mtu wa kumwita Mama.

Na mimi nilimwita mtumwa.

Nilitaka kumwambia ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Mwanamke mzima na funguo za gari na mshahara, lakini nilikuwa namwona yule mtoto wa kwenye benchi la kituo, miguu haigusi chini. Lakini ningekuwa namdanganya. Huku ninakaa kama mtu aliyevaa koti la mwenzake. Nina kaburi la mume wangu, nina alizeti zangu, nina watu wanaoniuliza nimeamkaje na wanaosubiri jibu.

Nimemwambia sihami. Nimemwambia nisamehe kwa lile neno. Yote mawili kwa pumzi moja, hovyo, siyo nilivyopanga.

Kalia sana. Nimemshika kichwa. Nimelia na mimi. Ugali ukapoa kabisa.

Jumatatu, 5 Novemba

Nilimuuliza asubuhi: kama sihami, bado utaapa? Kafikiri. Kasema ndiyo, Mama. Upendo yuko huku, kazi iko huku. Kasema hata bila mimi angeapa, ila bila mimi angechelewa.

Jibu la ukweli. Limeniuma na nimeliheshimu.

Ijumaa, 16 Novemba

Saint Paul, ukumbi mkubwa, watu wa kila rangi na suti mpya. Mimi, Njeri na Upendo juu, kwenye viti vya wageni. Neema chini, kavaa gauni la buluu, simwoni uso, naona shingo tu. Shingo ya baba yake.

Kabla ya kiapo wanataja nchi moja moja, watu wake wanasimama. Kwa herufi. Nchi nyingine anasimama mtu mmoja, nyingine safu nzima. Nilikuwa nimetulia. Nimekwenda mahakamani mara nyingi maishani, najua kukaa kimya.

Wakasema Tanzania.

Nikasimama. Sikuamua. Miguu ilisimama yenyewe, visigino vikagongana. Kule chini walisimama wanne na Neema ndani yao, na huku juu mimi peke yangu kati ya wageni waliokaa. Njeri kanivuta koti. "Mum, keti, watakuapisha na wewe!" Watu wakacheka kwa wema. Sikukaa. Nilisimama mpaka walipotaja nchi iliyofuata.

Neema aligeuka. Kaniona. Alicheka akiwa analia. Kisha wakaambiwa wote wainue mkono wa kulia, na akageuka mbele.

Maneno ya kiapo niliyasikia vizuri. Kiingereza cha mahakamani ndicho ninachokijua. Anakana utii wote kwa nchi nyingine yoyote. Kabisa na moja kwa moja. Nimeyasikia yote mpaka mwisho. Hayo yalikuwa ya kwangu kuyasikia, sikutaka mtu aniondolee.

Baadaye tumepiga picha. Nimetabasamu zote.

Jumapili, 18 Novemba

Walimpa Neema kibendera cha Marekani kwenye kijiti. Upendo kakipeleka kwenye kishikio cha mlangoni. Kijiti chembamba, kishikio kipana, kinaanguka. Kinaanguka, anaokota, kinaanguka. Kaweka karatasi, kimeanguka.

Nilikuwa namwangalia kupitia dirishani na moyo mbaya. Naandika ulivyokuwa. Nilifurahi kinavyoanguka.

Kisha nikamwona Neema, amesimama kwenye ngazi na kikombe, anamwangalia mtoto naye hasogei. Hakwenda kumsaidia. Ananiogopa mimi. Nyumba ni yake, mlango ni wake, na anaogopa kuweka kibendera kwa sababu yangu.

Nimechukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nimekikata kwa kisu, nimekwenda nje nimekibana. Kimekaa. Bendera ya mtu haiachwi ilale chini, hata iwe ya nani. Nimemwambia Upendo jioni aitoe.

Jumapili, 25 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimeionja. Haina ladha.

Tumekubaliana na Neema. Januari narudi kwa tiketi yangu. Atakapoweza kuniita, nitakuja kwa viza ya kutembea, nitakaa, nitarudi. Likizo ya shule atakuja yeye na Upendo. Kaniuliza viza ya Tanzania inaombwaje. Nikasema sijui, sijawahi kuihitaji. Tukatazamana. Tukacheka. Haikuwa ya kuchekesha.

Jumapili, 9 Desemba

Sherehe ya Uhuru. Chumba cha chini cha kanisa, si mbali na yale maduka ya Frogtown. Makoti yamelundikwa juu ya meza moja, sufuria za pilau juu ya nyingine. Watoto wanakimbizana kwa Kiingereza. Wanaume wanabishana habari za nyumbani kana kwamba wangeulizwa. Bendera imebandikwa ukutani. Nimeinyoosha kona.

Neema bado ni katibu. Mtu kauliza kama inafaa, sasa akiwa Mmarekani. Mwenyekiti kasema kaa chini, nani mwingine ataandika kumbukumbu, wewe? Likaisha.

Wakasema tusimame kwa wimbo wa taifa. Makelele yakakatika. Neema alikuwa kulia kwangu. Tumesimama, mikono ubavuni, kama tulivyofundishwa.

Nikamwona. Mkono wake ulipanda ukakaa kifuani, juu ya moyo. Kama wanavyofanya huku. Hakujua. Macho yake yako kwenye bendera, midomo imeshafunguka kuimba, na mkono umekwenda wenyewe.

Nikaushika. Nikaushusha taratibu mpaka ubavuni. Kashtuka, kanitazama, uso wote umemwiva kwa aibu, akataka kusema.

Sikuuachia. Ulikuwa wa baridi, ametoka kutoa masufuria kwenye gari.

Tukaimba hivyo hivyo, mpaka mwisho.